Gunia la Abiria Dukani kwa Njeri

Nyinyi wasichana mliovalishwa buti mpya juzi, na nyinyi vijana wa msaada wa sheria mnaoingia jela na mafaili kwapani, nisikilizeni kidogo. Mimi ni Nafula, koplo mstaafu wa jela ya wanawake hapa Eldoret. Siku hizi niko Yamumbi na kuku wangu na goti linalonisumbua kukiwa na baridi, lakini kichwa bado kiko sawa. Neno langu kwenu ni moja. Mfungwa wa bangi akiletwa mbele yako, usimuulize alifanya nini. Muulize alisema nini.

Najua mtasema, wacha, Koplo, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi jaji anaonekana kwa skrini, mfungwa anakohoa huku na jaji anamsikia kule. Hongereni. Sisi tulikuwa na taipureta moja na karatasi ya kaboni iliyotumika mpaka ikawa nyeupe. Lakini mdomo wa binadamu haujabadilika hata kidogo. Watu bado wanaingia kortini na kujifunga wenyewe, tena kwa adabu zao nzuri.

Mimi sikuomba kazi ya rufaa. Nilikuwa askari wa zamu, kazi yangu ni kufungua na kufunga, kuhesabu vichwa na kupigia watu kelele wamalize uji. Aliyenivuta ofisini ni Sajini Rispa, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa ameandikia wafungwa rufaa tangu mimi nikiwa shuleni. Alisikia nikigombana na mfungwa mmoja juu ya blanketi, akasema mtu anayebishana hivyo asipotezwe getini. Kesho yake nilikuwa nimeketi mbele ya taipureta nikitafuta herufi kwa kidole kimoja.

Sajini alinifundisha kwamba kesi ya bangi, mtu akikubali kosa, ina milango miwili, na wengi wanaona mmoja tu. Kwanza karani anakusomea shtaka na unaulizwa kama ni kweli. Ukisema ni kweli, bado hujafungwa. Prosekuta, yaani mwendesha mashtaka, anasimama, na enzi hizo alikuwa inspekta wa polisi, anasoma maelezo: ulikamatwa wapi, ulikuwa na nini, na mkemia wa serikali alipima akaona nini. Halafu unaulizwa mara ya pili, hayo maelezo ni sawa? Hapo ndipo mlango wa pili ulipo. Ukisema jambo lolote linalopinga maelezo, hakimu anatakiwa kuandika kwamba umekataa kosa, na mashahidi waitwe. Sasa mtu ameshasimama nusu saa, picha ya rais inamwangalia kutoka ukutani, anataka tu yaishe. Anajibu ndiyo hata kabla karani hajamaliza kutafsiri.

Wengine wanautumia huo mlango vibaya. Kulikuwa na nyanya mmoja kutoka upande wa Plateau, alikuwa akivuta yake polepole kwa ajili ya meno, hivyo ndivyo alivyoeleza. Alipoulizwa kama maelezo ni sawa akasema hapana, si sawa hata kidogo. Hakimu akaweka kalamu tayari. Nyanya akasema bangi yake ilikuwa imejaa mfuko, na hii iliyoletwa kortini ni ya kufunika kiganja, kwa hivyo arudishiwe ile ingine. Alituletea hadithi hiyo jela akiwa bado amekasirika. Sajini Rispa alicheka mpaka akatoka nje kupumua, halafu akarudi akasema kwa huyu tutaomba kupunguziwa kifungo tu, kwa sababu ya umri, na tukae kimya kuhusu mengine.

Hiyo nayo ni tofauti mnayopaswa kuijua hata mkiwa mmelala. Kuna rufaa ya kupinga kwamba una hatia, na kuna rufaa ya kulia kwamba kifungo ni kirefu. Ukishakubali kosa sawasawa, umebaki na ya kulia. Kila mfungwa alikuwa anataka niandike maneno yale yale: mimi ni mkosaji wa mara ya kwanza, nina watoto, mama yangu ni mgonjwa. Nikiwauliza kortini ulisema nini, wananiangalia kana kwamba nimewauliza jina la ng'ombe wa jirani.

Halafu akaja Njeri.

Aliingia geti akiomba msamaha. Alimwomba msamaha askari aliyempekua, akamwomba msamaha mwenzake aliyesogea ampe nafasi ya kulala, na mimi akaniomba msamaha kwa sababu jina lake lilinisumbua kupiga taip. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Mkoa wa Kati aliyekuja na mumewe kulima huku, na mume alipofariki akafungua duka pale Turbo, kwa barabara ya kwenda Webuye. Hakimu alikuwa amempa miaka minne kwa kupatikana na gunia la bangi. Nilitazama vile viatu vyake vya kanisani na nikajiambia, huyu na bangi wamekutana wapi?

Wamekutana hivi. Turbo, kama hamjui, ni mahali pa kubadilisha gari. Malori ya mahindi yanasimama, watu wanashuka, wanangoja lingine. Abiria akiwa na mzigo, anauacha kwa duka, ananunua soda, anaenda shughuli zake na kurudi. Wenye maduka wote walikuwa wanaweka mizigo ya watu, na ilikuwa aibu kubwa kufungua mzigo usio wako. Mtu amekuamini, wewe unachungulia nini? Basi mwanamume mmoja alileta gunia, akasema ni nguo za watoto, akanunua soda yake na kuondoka. Hakurudi. Waliokuja ni polisi.

Nikamuuliza Njeri lile swali langu. Kortini ulisema nini?

Akasema alisema ni kweli, na akaomba msamaha. Nikamwambia anieleze yote, neno kwa neno, na asiharakishe. Ndipo akasema kwamba baada ya inspekta kusoma maelezo, yeye alijibu, ni kweli gunia lilikuwa kwa duka langu, lililetwa na abiria, naomba msamaha. Mkononi alikuwa ameshika kadi ya chama tawala, maana mwenyekiti wa chama wa kule kwao alimwambia aionyeshe, hakimu ataona yeye si mtu mbaya. Hakimu hakuiangalia. Aliandika, akauliza kama kuna kesi za nyuma, halafu akamfunga.

Nilisimama nikamwita Sajini. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaniambia kwa upole kwamba huyo mama hakukubali kosa. Alikubali gunia. Hakuna mahali aliposema alijua kuna bangi ndani, na bila kujua, hakuna kosa. Kama hakimu ameandika jibu hilo kwa faili kama lilivyosemwa, rufaa iko.

Mimi nilikuwa tayari nimeingiza karatasi kwa mashine. Njeri akakataa.

Akakataa kabisa, tena kwa heshima zote, akiniomba msamaha kwa kukataa. Alisema kukata rufaa ni kubishana na serikali, na wakati huo, watoto wangu, mtu hakuwa anabishana na serikali hata juu ya bei ya sukari. Alikuwa amesikia pia kwamba jaji anaweza kukuongezea miaka, na hilo nisingemdanganya, ni kweli anaweza. Yeye alitaka kungoja Desemba, siku ya Jamhuri, rais atoe msamaha. Nikamwambia wa bangi mara nyingi hawaingii kwa ile orodha. Akasema ataomba Mungu. Nikamwambia tena, na hili ndilo mlishike: msamaha wa rais unakutoa jela, lakini unabaki na kosa lako. Rufaa ikishinda, kosa lenyewe linafutwa. Akanijibu kwamba yeye ni mtu wa kuomba, si mtu wa kudai.

Nilikasirika, sitaficha. Kulikuwa na wiki mbili tu za kukata rufaa tangu siku ya hukumu, na kila asubuhi nilikuwa naziona zikiisha. Ukichelewa unaweza kuomba ruhusa ya kukata nje ya muda, lakini hiyo ni kupanda mlima ukiwa na mzigo wa pili. Nilimpigia kelele. Sajini akanivuta pembeni akaniambia kwamba kelele hutumika kwa watu wanaopigana na wewe, na huyu hapigani na mtu.

Aliyemgeuza ni dada yake. Huyo dada alikuwa anakaa hapa Yamumbi, na watoto watatu wa Njeri walikuwa kwake. Alikuja siku ya kutembelewa, mimi nikiwa nimesimama karibu kama sheria inavyotaka. Alisema duka limefungwa, na kwa baraza la wilaya wamemwambia leseni haitatolewa tena kwa mtu wa bangi. Njeri akaitikia kwa kichwa tu. Dada akasema watoto wanachekwa shuleni. Njeri akaitikia tena. Halafu dada akasema kwamba yule msichana mkubwa, Wangeci, ameacha kupigana na wanaomcheka. Ameuliza swali moja tu: kama si kweli, kwa nini mama alisema ni kweli?

Dada alipoondoka, Njeri alibaki ameshika waya wa dirisha. Baadaye alikuja ofisini bila kuitwa, na kwa mara ya kwanza hakuniomba msamaha kwa kuingia.

"Afande," akasema, "andika. Rais anaweza kunitoa, lakini Wangeci atabaki na jibu langu la kortini."

Tuliandika siku hiyo hiyo, akaweka kidole gumba, mkubwa wa jela akatia sahihi, na karatasi ikaenda kortini kabla ya muda kuisha. Baada ya hapo ni kungoja. Nakala ya kesi ilikuwa inachukua miezi, na askari wengi walikuwa wanaacha karatasi ilale huko. Mimi nilikuwa naenda rejista ya korti, kule mafaili yanakowekwa, kila nikipeleka wafungwa, nauliza, narudi, nauliza tena, mpaka karani mmoja akawa akiniona anajificha nyuma ya kabati. Fanyeni hivyo. Faili la mtu maskini halitembei lenyewe, ni lazima mtu alisukume.

Nakala ilipokuja, jibu lake lilikuwa limeandikwa pale, vizuri kabisa. Nilikuwa karibu kucheza. Sajini Rispa akanirudisha chini. Akasema jaji hatasoma tu, atamuuliza mwenyewe kama ana la kusema. Na huyu mama wako akifungua mdomo na kuomba msamaha tena, wakili wa serikali atasema, mnaona, bado anakubali. Jaji naye atakunja faili.

Basi tukaanza mazoezi. Tulikuwa tunachagua maharagwe uani, Njeri upande mmoja wa meza, na upande wa pili tulimweka jaji. Jaji wetu alikuwa mfungwa wa chang'aa, ile pombe haramu, mama mcheshi aliyejifunga blanketi mabegani na kukunja uso kama mtu aliyekula limau. Anauliza kwa sauti nzito, una la kusema? Njeri anasimama, anafuta mikono, anaanza, naomba msa... Mimi napiga meza, maharagwe yanaruka. Tena. Naomba msa... Napiga meza. Siku ya tatu jaji wa chang'aa alichoka akamwambia, mama, ukiniomba msamaha tena nakuongeza miaka kwa ajili ya adabu. Wote wakaangua kicheko, hata Njeri.

Lakini jioni hiyo alinieleza kwa nini mdomo wake unakataa. Kwao, mgeni akifanya jambo baya ndani ya nyumba yako, wewe mwenye nyumba ndiye unayetangulia kuomba msamaha. Huombi kwa sababu ulifanya. Unaomba kwa sababu limetokea kwako. Alisema kusimama mbele ya wakubwa bila kuomba msamaha ni kama kusimama bila nguo. Kwetu upande wa ziwa pia iko hivyo, na nilikuwa sijawahi kuifikiria. Nikamwambia msamaha una mahali pake kortini. Mahali pake ni mwisho, baada ya kujulikana nani amekosa. Ukiuleta mwanzo, wanadhani ndiyo jibu. Akaniuliza, mwisho nitaruhusiwa? Nikamwambia mwisho aombe mpaka achoke.

Siku ya Mahakama Kuu nilimpeleka mwenyewe. Jaji alikuwa mzee mwembamba, miwani puani, anasoma bila haraka. Wakili wa serikali alisimama akasema rufaa haina msingi, mshtakiwa alikubali kosa kwa kinywa chake mwenyewe na hata akaomba msamaha. Ni mtu gani anayeomba msamaha kwa jambo ambalo hakufanya? Jaji akainua macho, na badala ya kuuliza lile swali tulilofanyia mazoezi, akauliza lingine.

"Mama, hapa imeandikwa uliomba msamaha. Ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"

Hilo hatukuwa tumelipanga. Maharagwe yote yale, na hilo hatukulipanga. Njeri alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, na mimi nikashika benchi.

"Gunia lilikuwa kwa duka langu," akasema. "Kwetu kitu kibaya kikipatikana kwako, ni wewe mwenye nyumba unaomba msamaha, hata kama ni mgeni alileta. Niliona polisi wamesumbuka, korti imesumbuka, na yote imetoka kwangu. Niliomba msamaha ya hiyo. Bangi sikuijua. Na sikusema naijua."

Hakuongeza lile neno lake la naomba msamaha, na mimi najua alivyokuwa analimeza.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwamba jibu la mama huyu katika korti ya chini halikuwa kukubali kosa; lilikuwa kukataa, na lilipaswa kuandikwa hivyo na mashahidi waitwe. Hukumu akaifuta na kifungo akakifuta. Akasema pia kwamba kwa vile ameshakaa jela muda wa kutosha, haitakuwa haki kumrudisha kuanza kesi upya. Yuko huru.

Njeri hakuelewa mpaka karani aliposema kwa Kiswahili mara ya pili. Akageuka akanitafuta kwa macho pale nyuma.

"Afande," akaniuliza mbele ya korti nzima, "sasa naweza?"

Nilikuwa nalia, nikaitikia kwa kichwa. Akamgeukia jaji, akainama, akasema naomba msamaha kwa kuwasumbua nyote. Halafu akamgeukia wakili wa serikali naye akamwomba. Jaji alivua miwani akaifuta, na nina hakika haikuwa na vumbi.

Msidhani kazi iliishia hapo, na hapa ndipo wengi wenu mnalegea. Mtu akiachiliwa na rufaa, msimtoe getini na nauli peke yake. Mpeni nakala ya amri ya jaji, yenye muhuri, na mwambieni asiikunje ovyo. Njeri alienda nayo baraza la wilaya kuomba leseni, wakamwambia rudi kesho. Akarudi. Wakamwambia mkubwa hayuko. Akakaa kwa benchi yao na kikapu cha chakula, siku baada ya siku, akiwaomba msamaha kwa kuwajazia mahali pa kukaa, mpaka wakampa leseni ili wapate nafasi. Karatasi hiyo Wangeci aliisoma yeye mwenyewe, dada aliniambia, akaisoma kwa sauti jikoni kwao.

Mwaka uliofuata nilikuwa natoka likizo nyumbani, nikashuka Turbo kubadilisha gari. Duka lilikuwa wazi, limepakwa rangi, na kwa pembeni kulikuwa na mizigo ya watu kama zamani. Nilifurahi kuona hajaacha kuwaamini wasafiri. Tulisalimiana sana, akanipa chai, nikamwambia naenda sokoni mara moja, niwekee mfuko wangu hapa. Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akaniambia niufungue kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya abiria. Ndani ya mfuko kulikuwa na omena, sweta, na nguo za ndani zilizokuwa zimeona dunia ya kutosha.

Nikamwambia, mimi, Njeri? Ni mimi unayeniambia nifungue?

"Nisamehe, Afande," akasema, "lakini fungua."